Mombasa Golf Club na wenzake: historia ya klabu za gofu katika Pwani yetu

Mombasa Golf Club ni klabu ya binafsi iliyoanzishwa mwaka 1911 kusini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ambayo leo tunaiita Mama Ngina Drive. Uwanja wake una mashimo tisa na unatazama bahari. Ni miongoni mwa klabu kongwe za gofu nchini. Royal Nairobi, iliyoanza mwaka 1906, iliitangulia kwa miaka mitano tu.

Wakazi wengi wa Mombasa wameuona uwanja huu tangu utotoni. Ni eneo la kupunga upepo siku ya Idi, kula viazi karai na mihogo chini ya mibuyu, na kutazama meli zikiingia Kilindini. Hata hivyo, waliowahi kukanyaga nyasi zake ni wachache, na wengi wa hao waliingia kwa kazi: kubeba mifuko, kukata nyasi au kupika.

Kila mara habari ya ardhi ya Pwani inapozuka, klabu hizi hutajwa barazani. Wengine husema ni mali ya umma iliyofungiwa ukuta, wengine husema ni mali ya watu na wasisumbuliwe. Makala haya yanaeleza zilikotoka, nani aliruhusiwa kuingia na nani alizuiwa, na sheria ya leo inasema nini, ili tunapobishana tubishane tukijua.

Gofu ilivyofika kwetu

Gofu ni mchezo wa Scotland. Ulikuwa umependwa huko kiasi kwamba mwaka 1457 mfalme aliupiga marufuku, kwa sababu vijana waliacha kujifunza kulenga mishale. Idadi ya mashimo 18 tunayoisikia leo ilitokana na uwanja wa St Andrews, ambao mwaka 1764 ulipunguza mashimo yake kutoka 22 hadi 18. Uwanja wenye mashimo tisa kama wa Mombasa hauna upungufu katika mchezo: mchezaji huuzunguka mara mbili akatimiza 18.

Mchezo huu ulisafiri pamoja na dola ya Waingereza. Kule Calcutta, India, klabu ya gofu ilianzishwa mwaka 1829, na ya Bombay ikafuata mwaka 1842. Utawala wa Kiingereza ulipofika Afrika Mashariki ulileta mengi kutoka India, zikiwemo rupia, sheria, makarani na mafundi. Ulileta pia desturi ya klabu: nyumba ya Wazungu watupu yenye baa, magazeti ya kwao na uwanja wa kuchezea.

Neno "country club" lenyewe lilipata umaarufu Marekani, ambako klabu ya Brookline, Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1882. Maana yake ni klabu ya nje ya mji, ambapo familia nzima hupata michezo, chakula na mapumziko. Gofu ikawa kiini chake kwa sababu inahitaji ardhi kubwa, na ardhi kubwa ndiyo inayompa mwanachama utulivu anaoulipia.

Mombasa ilikuwa tayari kwa jambo hilo. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Maofisa wa serikali, wahandisi wa reli, mabaharia na wafanyabiashara wa Ulaya waliongezeka. Mombasa Sports Club ilianza mwaka 1896 na Mombasa Club, iliyo ubavuni mwa Fort Jesus, mwaka 1897. Klabu ya gofu ilipoanza mwaka 1911, makao makuu ya serikali yalikuwa yamekwisha kuhamia Nairobi, lakini bandari ilibaki hapa, na watu wa bandari walibaki nayo.

Mahali penyewe

Ras Serani na ufuo wote wa kusini haukuwa pori lililokuwa likingoja wageni. Wareno walijenga ngome ndogo upande huu kulinda mlango wa bahari, na magofu yake yako hadi leo. Magharibi zaidi ulikuwepo mji wa Tuaca, mji wa Wakilindini, ambao ni mmoja wa mitaa mitatu ya Thelatha Taifa pamoja na Wachangamwe na Watangana. Mnara wa Mbaraki na mabaki ya msikiti wake wa karne ya 15 ni ushahidi wa makazi hayo. Watu wa Tuaca walikuja kuhamia upande wa Mvita, karibu na ulipo Mji wa Kale wa leo, na jina lao likabaki kwenye bandari.

Waingereza walipofika waliupenda upande huu wa kisiwa kwa sababu ya upepo. Ikulu ya Mombasa iko huko. Mnara wa taa uko huko. Barabara ya ufuoni iliitwa Azania Drive kabla ya kupewa jina la Mama Ngina. Kwa mcheza gofu, upepo huo huo ndio mtihani mkubwa: kaskazi ikivuma kuanzia Disemba, mpira hupelekwa upande mmoja, kusi ikiingia katikati ya mwaka, shimo lile lile linageuka kuwa jingine kabisa.

Ardhi na sheria ya mwaka 1908

Hapa ndipo pana kiini cha maneno yote ya barazani, na inafaa tuende taratibu.

Mwaka 1895 Uingereza ilichukua kuusimamia ukanda wa maili kumi wa Pwani kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar. Ukanda ulibaki wa Sultani kwa jina, naye akilipwa pauni 11,000 kwa mwaka. Hali hiyo iliendelea hadi makubaliano ya Oktoba 1963, yaliyouingiza ukanda katika Kenya huru.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyohusu Pwani peke yake. Kila aliyedai ardhi alitakiwa ajitokeze mbele ya ofisa, atoe ushahidi na apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya serikali.

Sheria hiyo ilimtazama mtu mmoja mmoja mwenye karatasi au mashahidi. Waliokuwa na hati za kadhi na uzoefu wa mahakama walipata njia ya kudai. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na kaya, wengi hawakupata kitu. Hata miongoni mwa Waswahili na Waarabu, wako waliochelewa, wasiopata habari na walioshindwa kuthibitisha mipaka. Hati zilipokwisha kutolewa, ardhi ikawa bidhaa iliyoweza kuuzwa, na wenye fedha wakanunua.

Ndiyo sababu Pwani hadi leo ina jambo ambalo watu wa bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba, anairithisha watoto, na ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya mwingine anayedai kodi ya kiwanja. Klabu za gofu hazikuitunga sheria ya 1908, lakini zilizaliwa katika dunia ambayo sheria hiyo iliiumba. Katika dunia hiyo mtu aliye mbali na kaburi la babu yake angeweza kuwa na hati, na aliye karibu nalo akawa mpangaji.

Nani aliingia, nani alibaki nje

Katika enzi ya ukoloni, klabu za aina hii zilikuwa za Wazungu. Jamii nyingine zilijijengea zao: Wagoa walikuwa na taasisi zao, Wahindi walikuwa na gymkhana zao. Mswahili alikuwa na baraza, uwanja wa kandanda na bahari.

Rangi ilikuwa kizuizi cha kwanza, ila haikuwa pekee. Mtu alihitaji kupendekezwa na mwanachama na kuungwa mkono na mwingine. Jina lilibandikwa ubaoni wanachama walione, kisha kamati ikaamua. Katika klabu za Uingereza walipiga kura kwa gololi, na gololi nyeusi ilitosha kumkataa mtu bila kumwambia sababu. Juu ya hayo kulikuwa na ada ya kuingia na ada ya kila mwaka.

Na hata mlango ulipofunguliwa kisheria, klabu ya Kiingereza ilikuwa na moyo wake, na moyo huo ulikuwa baa. Kwa familia nyingi za Kiislamu za Mji wa Kale, Kuze au Majengo, jambo hilo pekee lilitosha kuwaweka mbali. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini majina ya wenyeji ni machache katika historia ya gofu ya Pwani, tusitaje sababu moja tukaacha nyingine.

Ng'ambo ya daraja: Nyali, 1956

Nyali ina historia yake. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, na vizazi vyao wako Kisauni hadi leo. Baadaye sehemu kubwa ya Nyali ikawa shamba la mkonge. Daraja la kuelea lilipofunguliwa mwaka 1931, watu wakilipa ili kuvuka, ardhi ya ng'ambo ilianza kutazamwa kama mahali pa kukaa matajiri.

Nyali Golf and Country Club ilianzishwa mwaka 1956. Leo ina mashimo 18, na mtaa unaoizunguka ni miongoni mwa mitaa ya bei kubwa zaidi Pwani. Huu ni mfano wa namna uwanja wa gofu unavyofanya kazi katika mji: nyasi zenyewe hazijengwi, lakini kila kiwanja kinachozitazama hupanda thamani. Wakati huo huo mitaa ya Kisauni iliyo hatua chache kutoka hapo imejaa watu wasio na hati.

Baada ya uhuru

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ubaguzi wa rangi ulikosa mahali pa kusimama. Wanasheria, madaktari, wafanyabiashara, maofisa wa bandari na wa serikali, Waafrika kwa Waasia, waliingia klabu. Gofu ikawa mahali pa kufahamiana na wakubwa. Kwa miaka mingi watu wamesema, nusu kwa mzaha, kwamba mikataba hukubaliwa uwanjani na ofisini huenda kutiwa sahihi tu.

Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Wachezaji walioyashinda na baadaye kujulikana duniani ni pamoja na Mhispania Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986. Karibu miaka yote yamefanyika Nairobi na viunga vyake. Pwani ilibaki ya mashindano madogo na watalii.

Nyuma ya wachezaji kulikuwa na makedi, wabeba mifuko ya fimbo. Kedi mzuri anaujua uwanja kuliko mwenye fimbo: anajua upepo, mteremko wa nyasi na nguvu ya kupiga. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianza hivyo, wakijifunza kwa kutazama na kupewa fimbo siku ambayo uwanja haukuwa na watu. Hata leo, kwa kijana wa Likoni au Kongowea asiye na ada ya uanachama, njia fupi ya kuingia kwenye mchezo huu ni ya begani. Ni kazi ya kibarua, inayotegemea siku na mkono wa mchezaji.

Kutoka mkonge hadi nyasi: Vipingo

Sura ya karibuni imeandikwa Kaunti ya Kilifi. Vipingo Ridge ilijengwa katika eneo linalojulikana kwa mashamba ya mkonge, na uwanja wake wa kwanza umepewa jina la mbuyu. Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye mwaka 1989 alishinda Kenya Open. Disemba 2019 mashindano ya wanawake ya Ulaya yalikuja hapo kwa jina la Magical Kenya Ladies Open, na Mjerumani Esther Henseleit akaibuka mshindi. Ilikuwa heshima kwa Pwani kuonekana katika ramani hiyo.

Lakini mtindo umebadilika. Klabu ya mwaka 1911 ilikuwa ya watu wanaoishi mjini wakaenda kucheza jioni. Hii ya sasa inauza nyumba: unanunua makazi ndani ya uzio na gofu ni sehemu ya kile unachonunua. Anayeachwa nje safari hii haachwi kwa rangi wala kwa gololi nyeusi. Anaachwa na bei.

Kesi ya Limuru

Mlango mwingine ulifunguliwa bara, mahakamani. Katika Limuru Country Club, wanachama wanawake walizuiwa na kanuni ya klabu kushiriki katika uongozi kama wanaume. Watatu kati yao walikwenda Mahakama Kuu. Klabu ilijitetea kwamba ni ya binafsi na kanuni zake ni zake.

Mwaka 2014 majaji watatu waliamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi na haina nguvu. Msingi ulikuwa Katiba ya 2010: Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote pamoja na serikali, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, klabu maarufu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilipiga kura kuwakubali wanawake kwa mara ya kwanza. Wanawake wa Limuru walikuwa wamekwisha kupata hukumu yao miezi kadhaa kabla.

Uamuzi huo hauhusu gofu pekee. Kikundi chochote chenye wanachama, kiwe cha michezo, cha ushirika au cha mtaa, kina haki ya kujiwekea kanuni, na kanuni hizo hazivuki Katiba.

Mambo matatu tusiyachanganye

Barazani huwa tunafunga mambo matatu katika kanga moja. Tuyafungue.

La kwanza ni uanachama. Katiba, Kifungu cha 36, inalinda haki ya watu kuunda chama chao. Klabu haina wajibu wa kumkubali kila anayebisha hodi. Haiwezi, hata hivyo, kumkataa au kumshusha mtu kwa sababu ya jinsia, dini, kabila au rangi.

La pili ni ardhi. Kifungu cha 40 kinalinda mali iliyopatikana kihalali, iwe ya klabu au ya mpangaji wa Majengo. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini kwa zaidi ya kukodi, na ukomo ni miaka 99. Malalamiko ya dhuluma za kihistoria yamepewa njia yake kupitia Tume ya Ardhi ya Kitaifa. Mwenye dai aanze na daftari la ardhi, aone hati ni ya aina gani, ilitolewa lini na inakwisha lini. Dai lenye nambari ya kiwanja husikilizwa; kelele peke yake hupita na upepo.

La tatu ni ufuo. Kifungu cha 62 kinasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hakuna klabu, hoteli wala mwenye nyumba anayeweza kuufunga mchanga huo. Mvuvi, mama anayeuza mihogo na mtoto anayeogelea wana haki huko sawa na mwanachama aliyelipa ada.

Kuna jambo la mwisho ambalo hatulisemi mara nyingi. Kisiwa cha Mombasa kimejaa. Viwanja tulivyochezea utotoni vingi vimekuwa maghala na maghorofa. Bustani ya Mama Ngina ilipokarabatiwa na kuandaliwa Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba 2019, tuliona jinsi watu walivyo na kiu ya mahali pa wazi. Uwanja wa gofu, pamoja na uzio wake wote, umeuacha upande mzima wa kisiwa na nyasi, miti na upepo. Wenye kutamani klabu iondoke wajiulize kwanza: ikiondoka, nani atakuja? Kwa jinsi tulivyoona viwanja vingine vikienda, si rahisi kuamini kwamba watakuja watoto na mpira.

Kwa hiyo la kudai kwanza ni lile linalowezekana. Ardhi ya wazi ibaki wazi na isibadilishwe matumizi bila wakazi kusikilizwa. Klabu ziwe na siku za vijana wa shule za jirani, ili kedi wa leo awe mchezaji wa kesho. Katika mji unaongoja maji ya Mzima, Marere na Baricho kwa zamu, kila uwanja uwaeleze majirani maji ya nyasi zake yanatoka wapi. Na njia za kwenda baharini zibaki njia.